Opsheni za Hisa kwa Anayeanza: Zinavyofanya Kazi, na kwa Nini si Arubuni

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake.

Maswali kuhusu "opsheni" yamekuwa mengi, na karibu yote yanatoka kwa wazee walioko Unguja na Pemba ambao vijana wao wako Dar es Salaam. Wengine wako masomoni, wengine kazini, wengine bado wanatafuta, wamepanga vyumba Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta. Kijana anapiga simu nyumbani anaomba laki mbili au tatu. Anasema anajifunza biashara ya hisa kwa simu, na kwamba si kamari, kwa sababu anacholipa ni kama arubuni tu: ukiona biashara haikufai unaiacha, unapoteza arubuni yako basi. Mzazi hajui amjibu nini. Hisa amezisikia, arubuni anaijua tangu kwa babu yake, lakini opsheni haijui. Na maulamaa wametufundisha kwamba huwezi kulihukumia jambo kabla ya kulielewa lilivyo. Kwa hiyo tutaieleza kwanza kama wanavyoieleza wenyewe, bila kuipunja, kisha tuje kwenye hukumu.

Kwanza hisa yenyewe

Ukipita Wazo, Tegeta, katika Wilaya ya Kinondoni, utakiona kiwanda cha saruji ya Twiga. Ukienda Chang'ombe, Temeke, kipo kiwanda cha sigara cha TCC. Kampuni hizi zote mbili zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwenye hisa ya Twiga anamiliki fungu, hata likiwa dogo kama chembe ya mchanga, la tanuri lile, mashine zile na saruji iliyoko ghalani. Kampuni ikipata faida na ikaamua kuigawa, anapata gawio. Ikifilisika, ana fungu lake katika kitakachosalia baada ya madeni kulipwa. Hisa ni kitu kilichopo. Kama kitu hicho ni halali au si halali, hilo ni suala la pili, na sigara tutazirudia.

Soko hilo liliundwa mwaka 1996 na likaanza kazi Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa ni TOL, watengenezaji wa gesi. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994. Kinachouzwa hapo kwa mtu wa kawaida ni hasa hisa na hatifungani. Opsheni haimo katika bidhaa zake. Wenzetu wa Nairobi walifungua soko la mikataba ya baadaye Julai 2019, wakaanza na mikataba juu ya hisa za kampuni kubwa chache na juu ya faharasa ya soko lao. Basi kijana wa Mbagala akikwambia anafanya opsheni za hisa, jambo la kwanza la kujua ni kwamba soko lake haliko Dar es Salaam. Ama liko Marekani, ama haliko popote. Hili la pili ndilo la kawaida zaidi, na tutaliona.

Opsheni ni nini

Opsheni ni mkataba unaompa mtu haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokatwa leo, ndani ya muda uliowekwa, bila kumlazimisha. Anayeinunua haki hiyo analipa ada. Anayeiuza anapokea ada na kubaki amefungwa: mwenzake akiamua kuitumia haki yake, yeye lazima atekeleze. Mikataba ya namna hii ni ya zamani sana, lakini kama tunavyoiona leo ilianza kuuzwa katika soko rasmi mjini Chicago tarehe 26 Aprili 1973, juu ya hisa za kampuni 16, na mwanzoni zilikuwa opsheni za kununua peke yake. Opsheni za kuuza ziliingia mwaka 1977. Huko Marekani mkataba mmoja kwa kawaida unabeba hisa 100.

Tuchukue mfano kwa shilingi ili hesabu ieleweke, ingawa kwetu haiuzwi. Hisa ya kampuni fulani leo ni Sh 2,000. Juma anadhani itapanda. Akinunua hisa 100 zenyewe atatoa Sh 200,000. Badala yake ananunua opsheni ya kununua hisa 100 kwa bei ya Sh 2,000, yenye muda wa miezi mitatu, na analipa ada ya Sh 150 kwa kila hisa, yaani Sh 15,000.

Bei ikifika Sh 2,400 kabla ya muda kwisha, haki ya Juma ina thamani ya Sh 400 kwa kila hisa, jumla Sh 40,000. Ukitoa ada aliyolipa, amepata Sh 25,000. Angalia sasa kinachowavuta vijana. Aliyenunua hisa zenyewe kwa laki mbili naye amefaidi Sh 40,000, sawa na asilimia 20 ya fedha yake. Juma kwa elfu kumi na tano amepata zaidi ya mara moja na nusu ya alichotoa. Hapo ndipo mwalimu wa semina anapofunga hesabu na kuanza kuandikisha watu.

Lakini hesabu haijaisha. Bei ikifika Sh 2,100 tu, Juma ameona sawasawa kwamba itapanda, na bado amepoteza: haki yake ina thamani ya Sh 10,000, naye alitoa 15,000. Ili asipate wala asipoteze, bei inatakiwa ifike Sh 2,150. Ikibaki Sh 2,000 au ikishuka, elfu kumi na tano yote imekwenda. Aliyenunua hisa zenyewe bado anazo, anaweza kungoja mwaka, miaka miwili, akapokea gawio. Juma hana cha kungojea, muda wake umekwisha.

Muda ndiyo siri kubwa ya biashara hii na ndiyo inayofundishwa kidogo. Ada ya opsheni imebeba thamani ya muda uliobaki, na muda huo unapungua kila siku hata bei ya hisa ikisimama pale pale. Ni kama barafu la wauza samaki wa Feri: umelinunua asubuhi likiwa zima, adhuhuri limebaki nusu, na hakuna aliyeligusa. Siku za mwisho linayeyuka kwa kasi zaidi.

Opsheni ya kuuza ni kinyume chake. Mtu analipa ada, tuseme Sh 120 kwa hisa, ili awe na haki ya kuuza hisa 100 kwa Sh 2,000. Bei ikianguka hadi Sh 1,600, haki hiyo ina thamani ya Sh 40,000, na ukitoa ada ya Sh 12,000 amepata Sh 28,000. Mwenye hisa nyingi huinunua kama kinga, ili bei ikianguka asianguke nayo. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaoitetea opsheni, na ni haki kuitaja. Lakini kijana asiye na hisa hata moja hana cha kukinga. Akinunua opsheni ya kuuza, anaombea tu kampuni ya watu iharibikiwe.

Na yule aliyemuuzia Juma? Yeye alipokea Sh 15,000. Hisa ikipanda hadi Sh 3,000, anatakiwa atoe hisa 100 kwa Sh 2,000 wakati sokoni ni Sh 3,000. Kama hana hisa hizo, anakwenda kuzinunua, na hasara yake ni Sh 100,000 kwa ajili ya elfu kumi na tano aliyoipokea. Ikipanda zaidi anapoteza zaidi, haina kikomo. Wapo wanaowafundisha wanaoanza kwamba kuuza opsheni ni "mshahara wa kila mwezi". Miezi mingi kweli huwa hivyo. Mwezi mmoja unachukua mishahara yote.

Jambo la mwisho katika kuielewa: kila shilingi aliyoipata Juma imetoka mfukoni mwa aliyemuuzia, na kinyume chake, na dalali anakata ada yake kwa wote wawili. Kampuni yenyewe haipati kitu katika mkataba huu. Hakuna saruji iliyozalishwa wala gunia lililosafirishwa.

Hukumu yake

Mwaka 1992, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyatazama masoko ya fedha kwa urefu. Kuhusu opsheni kama zinavyouzwa katika masoko ya dunia, Majmaa iliamua kwamba haijuzu kuziingia, na kwa kuwa mkataba wenyewe haujuzu tangu mwanzo, haijuzu pia kuuziana. Sababu yake ni kwamba kinachouzwa si mali, si manufaa ya mali, wala si haki ya kimali inayoweza kuchukuliwa badali. Ni haki tupu ya "nikitaka". Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya benki za Kiislamu, imekwenda njia hiyo hiyo.

Kuna rai nyingine, na msomaji ana haki ya kuijua. Dk. Mohammad Hashim Kamali, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000 kuhusu mikataba hii, alielekea kuiruhusu, akitegemea kwamba asili ya miamala ni kujuzu na kwamba wafanyabiashara wanahitaji kujikinga na bei. Baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia nalo limeruhusu baadhi ya mikataba ya jamii hii kwa masharti. Hao ni wanazuoni na rai yao ni ya kielimu. Lakini wanaoitaja rai hiyo katika makundi ya simu hawataji masharti yake, wala hawasemi kwamba ilikuwa inazungumzia masoko yenye usimamizi na wafanyabiashara wenye bidhaa ya kukinga. Nasi tunabaki na kauli ya Majmaa, kwa dalili tutakazozieleza.

Hoja ya khiyari. Wanasema: mbona sharia yenyewe inamruhusu mnunuzi kuweka sharti la kujirudi? Ni kweli. Imepokewa kwamba Hibban bin Munqidh alikuwa akipunjwa katika manunuzi, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akamuelekeza aseme wazi kwamba asihadaiwe, na akapewa siku tatu za khiyari. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i khiyari ya sharti haizidi siku hizo tatu, na wengine wameruhusu muda mrefu zaidi ukijulikana. Lakini khiyari hiyo imo ndani ya uuzaji uliokwishafungwa: kuna nyumba, kuna bei, kuna muuzaji mwenye nyumba. Khiyari haikutolewa nje ikauzwa peke yake kwa bei yake, kisha aliyeinunua akaiuza kwa wa tatu, na wa tatu kwa wa nne.

Sisi wa visiwani tuna historia na khiyari ikiacha mahali pake. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mashamba mengi ya mikarafuu yaliandikiwa waraka wa bei ya khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa fedha kadhaa, akibaki na haki ya kulirudisha akizilipa ndani ya muda, na wakati huo huo akiendelea kukaa shambani na kulipa kodi. Kwa sura ni uuzaji na ijara, kwa ukweli ni mkopo, na kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Msimu ukiharibika au bei ya karafuu ikianguka, muda unapita na shamba linakwenda. Madeni ya mashamba yalifika hadi serikali ya wakati huo ikatoa amri mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isihamishwe ovyo. Maulamaa walikhitalifiana juu ya mikataba ya jamii hii. Wa Hadhramaut waliiruhusu kwa jina la bei ya uhda kwa sababu ya haja ya watu. Majmaa, katika kikao kile kile cha 1992, ilipitisha kwamba bei ya wafaa, ambayo ni ndugu yake, haijuzu, kwa kuwa hakika yake ni mkopo uletao manufaa. Nimeitaja kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kila mkataba wenye jina la Kiarabu una usalama ndani yake.

Arubuni sasa, maana hii ndiyo hoja ya vijana wetu. Mtu anakwenda kwa fundi au dukani Kariakoo, anapenda kabati la Sh 400,000, anaacha Sh 40,000. Akirudi, elfu arubaini inahesabiwa katika bei na anamalizia laki tatu na sitini. Asiporudi, muuzaji anabaki nayo. Hii ndiyo arubuni inayozungumzwa katika fiqhi. Jamhuri ya maulamaa, na Imam Shafi'i miongoni mwao, hawakuijuzisha, kwa hadithi iliyopokewa na Imam Malik na Abu Dawud inayoikataza. Imam Ahmad aliiona hadithi hiyo dhaifu, akaijuzisha kwa kisa cha Nafi' bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Sayyidna Umar (Radhiya Allahu anhu) nyumba ya Safwan bin Umayya mjini Makka iwe jela, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia, Safwan apewe kiasi fulani. Majmaa ilichukua kauli hii ya Imam Ahmad katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, ikashurutisha muda wa kungoja ujulikane. (Kwa faida ya wenye maduka: anayefuata kauli ya Imam Shafi'i anatakiwa kumrudishia mteja fedha yake akighairi. Wengi wetu ni Mashafi'i msikitini na Mahanbali dukani.)

Hata tukiichukua kauli iliyo pana zaidi, opsheni haiwi arubuni. Arubuni ni sehemu ya bei: ukikamilisha, inahesabiwa. Ada ya opsheni haihesabiwi: Juma akitumia haki yake atalipa Sh 2,000 kamili kwa kila hisa, na ile elfu kumi na tano imekwenda njia yake. Arubuni inalipwa kwa kabati maalumu ambalo muuzaji analo. Muuzaji wa opsheni aghalabu hana hisa anazoahidi, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Aliyeacha arubuni anataka kabati. Mnunuzi wa opsheni mara nyingi hataki hisa wala hatazipokea, wanalipana tofauti ya bei na kuachana. Na risiti ya arubuni haipiti mkono kwa mkono ikipandishwa bei kabla fundi hajapiga msumari. Ukiviondoa vyote hivi katika arubuni, kinachobaki ni watu wawili wanaowekeana fedha juu ya bei ya kesho, mmoja apate kwa kadiri ya anavyokosa mwenzake. Hayo ni ghararu na maisiri, na Surat al-Maida imeshalizungumza.

Kinachouzwa kweli kwenye simu

Mpaka hapa tumezungumzia opsheni halisi. Wazazi wengi waliotuuliza, tulipotaka waulize watoto wao ni kitu gani hasa wanachobonyeza, jibu lilikuwa jingine kabisa. Si mkataba wa hisa 100 wala soko la Chicago. Ni programu yenye mstari unaopanda na kushuka, na vitufe viwili: juu na chini. Unachagua kiasi, unachagua dakika moja au tano, unabonyeza. Wanaiita opsheni ya pande mbili, na jina la opsheni ndilo limebaki tu.

Hesabu yake mzee yeyote anaweza kuipiga. Tuseme unaweka Sh 10,000. Ukipatia unaongezewa Sh 8,000, ukikosea unapoteza 10,000 yote. Ukicheza mara mia na ukapatia nusu, umepata Sh 400,000 na umepoteza Sh 500,000. Ili urudishe fedha yako tu, unatakiwa upatie takriban mara 56 katika 100, siku zote, katika jambo la dakika moja ambalo hakuna anayelijua. Na unayecheza naye mara nyingi ni kampuni ile ile yenye programu: ukikosa ndiyo faida yake, na ndiyo inayochora mstari unaoutazama. Hapa hata ile rai ya Malaysia haina mahali pa kukaa. Ni kamari safi.

Hao wasiokuwa Waislamu wenyewe wameikataa. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa kitu hiki kwa watu wa kawaida Julai 2018, na Uingereza ikakipiga marufuku moja kwa moja Aprili 2019. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilipochunguza mikataba ya tofauti ya bei ambayo ni jirani yake, ilikuta kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza fedha. Na hizo ni nchi ambazo dalali akimdhulumu mteja kuna pa kushitaki. Kijana wa Tandika aliyeweka fedha kwa kampuni iliyosajiliwa kisiwa asichoweza kukionesha kwenye ramani, atamshitaki nani?

Mambo matatu mzazi ayaulize.

La kwanza ni mwalimu anakula wapi. Anayefundisha semina kwa ada, kisha anampa kila mwanafunzi kiungo chake cha kufungulia akaunti, aghalabu analipwa na kampuni kwa kila anayejiunga au kwa kila anachopoteza. Mtu aliyepata njia ya kuchuma bila kuchoka hana haja ya elfu hamsini ya mwanao.

La pili ni "akaunti ya Kiislamu". Programu nyingi zinaitangaza, na wazee wamekuja wakiwa wametulia kwa ajili ya jina hilo. Maana yake ni moja tu: hawatozi riba ya kulala na mkataba usiku kucha. Kuuza asichonacho kumebaki, ghararu imebaki, kubahatisha kumebaki. Kuondoa tone moja la mkojo katika ndoo yenye matone matano hakutwaharishi ndoo.

La tatu ni akaunti ya majaribio. Kijana atakuonesha kwamba alianza na fedha ya kuchezea na akaifanya maradufu. Ya kuchezea haiumi, ndiyo maana mkono hautetemeki.

Wenye umri wetu tunakumbuka DECI mwaka 2009. Makao yake yalikuwa Mabibo, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, na watu walikwenda "kupanda mbegu" wakitegemea kuvuna mara mbili. Serikali ilipoifunga, waliotangulia walikuwa wamelipwa kwa fedha za waliofuata, na waliobaki walibaki na stakabadhi. Haikuwa opsheni, lakini semina zake zilizungumza lugha hii hii.

Anayetaka kweli kujifunza hisa

Si haramu kujifunza masoko, na kijana mwenye hamu hiyo asivunjwe moyo. Aanze na soko lililoko nchini. Dalali awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Soko lenyewe lina programu yake ya simu iitwayo Hisa Kiganjani. Anunue kwa fedha taslimu, si ya mkopo, na hisa ziandikwe kwa jina lake.

Kisha achague. Kampuni ambayo kazi yake ni bia, kama TBL, haina mjadala. Sigara za Chang'ombe tunazikataza kwa madhara yake. Benki za kawaida, kama CRDB na NMB, msingi wa pato lao ni riba. Zinabaki kampuni za saruji, gesi, huduma za ndege, simu na kadhalika, na kwa hizi inatazamwa taarifa ya hesabu. Kiwango cha AAOIFI ni kwamba mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, fedha ilizoweka kwenye riba vilevile, na pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya pato lote. Kiasi hicho kidogo mwenye hisa akitoe katika gawio lake. Hesabu hizi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hatutoi orodha ya kampuni hapa. Taarifa za kila kampuni iliyoorodheshwa hutangazwa, na kijana aliyefika chuo kikuu anaweza kuzisoma.

Asiyetaka hisa anaweza kutazama sukuk. Benki ya KCB Tanzania ilitoa yake, Fursa Sukuk, mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikazindua ya kwake mwaka 2025. Faida yake haitamvutia aliyezoea kuambiwa atapata maradufu kwa wiki, na hilo tulitarajie.

Aliyekwishaingia

Kwa aliyemo ndani tayari, asimamishe na atoe fedha iliyobaki mara moja, asingoje "kurudisha kwanza kilichopotea", kwani mlango huo ndio wenye kuwamaliza wengi. Kilichorudi, mtaji alioutia ni wake. Kilichozidi juu ya mtaji asile wala asijengee: akitoe kwa masikini au katika maslahi ya watu wote, kwa nia ya kujisafisha na si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Alichopoteza kimepotea, hana cha kudai kwa Waislamu wenzake. Lakini kama alichopoteza ni ada ya chuo aliyotumiwa na baba yake, au alikopa kwa wenzake wa chumba kimoja Mbagala, deni hilo liko shingoni mwake na hasara ya sokoni haliliondoi. Alikiri, apange malipo ya kila mwezi hata kidogo kidogo. Na mzazi akipenda kumsamehe lililo lake, ni hiari yake, ila asimlipie la wenzake kabla hajahakikisha kwamba programu imekwishaondolewa kwenye simu.

Wallahu a'lam.